Nauli ya Elektroni

Washairi wa Kiswahili wameusifu mwezi mpevu tangu zamani, lakini mvuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, angekuwa na maneno mengine. Mwezi unapokaribia kujaa, fukwe za Usenge, Mbita, Rusinga na Mfangano huwa na mitumbwi iliyovutwa mchangani, na wenyewe wanashona nyavu au wanacheza bao la ajua chini ya mti wakisubiri. Giza likirudi, kazi nayo hurudi. Jua huzama, na hapa Ikweta huzama upesi bila machweo marefu. Taa huwashwa juu ya vyelezo vya mbao na kuachwa zielee, kila moja na duara lake, mpaka omena wakusanyike na wavu uzungushwe. Nilipomuuliza mzee mmoja wa Rusinga kwa nini havui mwezi ukiwaka, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "taa yangu itashindana vipi na taa ya Mungu?"

Jibu lake limebeba hesabu nzuri. Mwezi mpevu, tukisema kweli, ni hafifu: nuru yake haifiki hata theluthi ya laksi moja, ilhali jua la saa sita mchana hutumwagia laksi laki moja na ushei. Ukiwa karibu na taa ya mvuvi, taa hiyo inaupita mwezi kwa mbali. Ila mwanga wa taa hupungua kwa mraba wa umbali. Ukijitenga nayo mara mbili zaidi, hubaki robo. Mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia. Usiku wa giza duara la taa huendelea kupanuka mpaka mwanga wake ulingane na ule wa nyota, mbali sana. Usiku wa mbalamwezi duara hilo hukatwa likiwa bado dogo, na omena walio nje yake hawana sababu ya kusogea. Mvuvi siku hiyo hapungukiwi na mwanga, amezidiwa nao.

Wala si omena peke yao wanaosoma kalenda hiyo. Katika miaka ya 1950 mtafiti R. Hartland-Rowe, akifanya kazi upande wa Uganda wa ziwa hili, alionyesha kwamba mdudu wa majini aitwaye Povilla adusta huibuka kwa wingi usiku wa pili au hivi baada ya mwezi kujaa, mwezi baada ya mwezi. Kiumbe kinachoishi muda mfupi mno angani kinaijua tarehe kutokana na nuru ambayo mimi na wewe hatuwezi kusomea gazeti.

Hapo ndipo swali huanza kuwasha. Mwanga unapofika juu ya kitu, uwe jicho la mdudu, gamba la samaki au paneli ya sola juu ya bati, unafanya nini hasa? Tumezoea kuuona kama kitu kinachomwagika, kingi au kidogo, kikali au hafifu. Fizikia ya miaka mia moja na ishirini iliyopita inasema hesabu ya wingi peke yake haitoshi. Nadhani ufuo wa Ziwa Victoria ndio mahali pazuri kuliko pote Afrika Mashariki pa kulionea jambo hilo, maana watu wa hapa hununua mwanga, huubadilisha na kuuza mazao yake kila siku iendayo kwa Mungu.

Tuanze na karabai, kwa kuwa ndiyo iliyotawala ziwa hili kwa miongo mingi. Unapiga pampu, mafuta ya taa yanapanda na kugeuka mvuke, yanawaka kwa moto wa buluu usio na mwangaza mkubwa, na ule mfuko mdogo wa kitambaa unaoning'inia pale unawaka weupe unaoumiza macho. Kitambaa chenyewe huungua siku ya kwanza tu. Kinachobaki ni kiunzi cha oksidi, chepesi kiasi kwamba kidole kikikigusa kinavunjika. Mwanakemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, ndiye aliyepata mchanganyiko wake mwishoni mwa karne ya 19: thoriamu asilimia 99 hivi, na seriamu asilimia 1. Thoriamu ina mnururisho wa asili, kwa hiyo watu waliokuwa wakibadilisha vifuko hivyo gizani, vumbi likiwa vidoleni, walikuwa wakishika madini yenye mionzi bila mtu kuwaambia. Watengenezaji wengi baadaye walihamia itriamu.

Karabai hutoa nuru kwa njia ya kale kabisa: pasha kitu moto mpaka kiwake. Ni njia ya jua, ya kuni na ya balbu ya nyuzi. Ubaya wake ni kwamba sehemu kubwa mno ya nishati hutoka kama joto, na mvuvi aliyekuwa akinunua mafuta jioni alikuwa akilipia zaidi kupasha moto hewa ya ziwani. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Ujerumani, OSRAM, ilifungua kituo Mbita ambapo wavuvi waliweza kukodi taa za umeme na betri zilizochajiwa kwa jua. Mambo yalikwenda polepole, kama yanavyokwenda mambo yanayogusa mfuko wa mvuvi, lakini yalikwenda. Leo ukisimama ufuoni magharibi inapoingia, betri na taa za LED ndizo zinazopakiwa mitumbwini, na karabai nyingi zimebaki kuning'inia ukutani.

Ili kuelewa kilichobadilika hapo inabidi tuuache ufuo kidogo. Mwaka 1887, mjini Karlsruhe, Heinrich Hertz alikuwa akitafuta mawimbi ya redio, akagundua pembeni jambo ambalo hakulitafuta: cheche za umeme ziliruka kirahisi zaidi metali ilipomulikwa kwa mionzi ya urujuanimno. Wenzake waliofuata walionyesha kwamba bamba la zinki lenye chaji hasi hupoteza chaji yake likimulikwa hivyo, na kufikia mwisho wa karne ilijulikana kwamba kinachotoka kwenye bamba ni elektroni. Mwaka 1902 Philipp Lenard alipima kasi ya elektroni hizo akapata tokeo la ajabu. Kuongeza ukali wa taa kuliongeza idadi ya elektroni zilizotoka, ila hakukuongeza nishati ya hata moja. Na kwa rangi fulani za mwanga hakutoka hata elektroni moja, hata taa iwe kali namna gani.

Kama mwanga ni wimbi linalomwagika, hilo halieleweki. Wimbi dogo likipiga gati kwa muda mrefu hufanya kazi ya wimbi kubwa. Mwaka 1905 karani wa ofisi ya hataza huko Bern, Albert Einstein, mwenye umri wa miaka 26, alipendekeza kwamba mwanga husafiri na kupokewa kwa vipande vizima visivyogawanyika, na kwamba nishati ya kila kipande hutegemea rangi yake tu. Buluu ina vipande vikubwa, nyekundu vidogo, urujuanimno vikubwa zaidi. Vipande hivyo ndivyo tunavyoviita fotoni. (Mwaka huo Kisumu ilikuwa kituo cha mwisho cha reli iliyofika Desemba 1901, ambacho watawala walikuwa wamekiita Port Florence. Sidhani habari za Bern zilipakiwa kwenye treni.)

Wazo lenyewe si gumu kwa yeyote aliyewahi kuvuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita. Tuseme nauli ni shilingi 200, na karani wa tiketi ana sheria moja: hakuna kuchangiana. Kila abiria hupewa pesa na mfadhili mmoja tu, mara moja tu. Wakija wafadhili elfu wenye shilingi mia kila mmoja, gatini patakuwa na shilingi laki moja na hakuna hata mtu mmoja atakayepanda. Akija mfadhili mmoja mwenye shilingi 250, abiria mmoja atapanda na chenji ya shilingi 50 mfukoni. Elektroni ndiye abiria, fotoni ndiye mfadhili, metali ndiyo inayopanga nauli, na chenji ndiyo kasi ambayo elektroni huondoka nayo. Zinki hutoza takriban elektroni-volti 4.3. Fotoni nyekundu ina 1.9 na ya buluu 2.75 hivi, kwa hiyo nuru yote unayoiona kwa macho, hata ikusanywe vipi, haitoi elektroni moja kwenye zinki. Urujuanimno hafifu huzitoa papo hapo.

Robert Millikan, Mmarekani, hakuliamini jambo hilo. Alitumia miaka kadhaa akijaribu kulipinga maabarani, na mwaka 1916 akachapisha vipimo vilivyolithibitisha neno kwa neno, bado akiguna. Einstein alipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1921 kwa kazi hii, si kwa ile ya uhusianifu inayotajwa na kila mtu. Ninampenda Millikan kuliko wote katika kisa hiki. Mtu anayepima kwa uaminifu jambo asilolitaka liwe kweli ni adimu, kwenye fizikia na kwenye mabaraza yetu.

Sasa turudi mchangani, mchana. Ufuo wa omena saa tano asubuhi ni maabara iliyopangwa bila mtu kukusudia. Chini, wanawake wametandaza nyavu kuukuu na kumwaga omena juu yake, wanawageuzageuza kwa mikono. Juu ya paa la kibanda, hatua tano kutoka hapo, paneli ya sola inachaji betri za usiku. Jua ni lile lile, na kila mita ya mraba ya ufuo huo, jua likiwa utosini, hupokea fotoni zipatazo elfu nne za bilioni za bilioni kila sekunde. Lakini omena na paneli huzihesabu tofauti kabisa.

Kwa omena, nishati yote ni nishati. Mionzi ya joto isiyoonekana, ambayo ni karibu nusu ya kinachotoka kwenye jua, hukausha vizuri tu, na maji hayaulizi fotoni ilikuja na kiasi gani: vidogo vidogo hujumlika, samaki hupata joto, unyevu hutoka. Hapa kuchangiana kunaruhusiwa. Paneli imetengenezwa kwa silikoni, na silikoni ina nauli yake, elektroni-volti 1.12. Elektroni haitoki nje ya bamba kama kwenye zinki. Hubaki ndani, ila huachana na atomu yake na kuwa huru kutembea, na muundo wa paneli huisukuma upande mmoja mpaka ipite kwenye waya. Fotoni yenye pungufu ya hapo hupita bure au huishia kuwa joto. Yenye zaidi humfungua elektroni mmoja, na chenji yote hugeuka joto. Ndiyo maana, hata mafundi wa dunia nzima wakiungana, paneli ya kawaida ya silikoni haiwezi kuvuka theluthi moja hivi ya nishati ya jua. William Shockley na Hans Queisser walilipigia hesabu hilo mwaka 1961, na paneli nzuri za madukani leo zina asilimia 20 na kidogo.

Kutokana na hayo kuna jambo ambalo natamani lingeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kila duka la sola mjini Kisumu: paneli hutaka nuru, haitaki joto. Watu wengi hudhani jua likichoma zaidi betri hujaa zaidi. Kinyume chake, silikoni ikipata moto volti zake hushuka, na nguvu ya paneli hupungua kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja juu ya 25. Paneli iliyobanwa juu ya bati la Kisumu mchana inaweza kufika digrii 60 kirahisi, na hapo imeshapoteza karibu sehemu moja ya saba. Acha nafasi ya kiganja au zaidi kati ya bati na paneli, upepo wa ziwa upite. Na kwa kuwa tuko karibu kabisa na Ikweta, ambapo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, huna haja ya kuisimamisha paneli sana. Mteremko kidogo unatosha ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege.

Fundi anayejua kazi yake ameshaona nusu nyingine ya somo hili kwenye multimita yake. Wingu likifunika, volti za paneli hazishuki sana, bali ampea ndizo zinazoanguka. Mteja hulalamika: "Lakini inasoma volti kumi na nane!" Ni kweli inasoma. Fotoni zinazopenya wingu hazikudhoofika, kila moja ina kiasi chake kile kile, na kila moja bado inaweza kulipa nauli. Zimekuwa chache tu. Siku hiyo hiyo yule mama mwenye omena anapata hasara, kwa sababu omena wasiokauka huoza, na msimu wa mvua hauna rehema kwa mtu aliyenunua ndoo kumi kwa mkopo.

Huko Rusinga, paneli kama hizo zilitumika katika jaribio ambalo bado linastahili kukumbukwa. Kati ya mwaka 2012 na 2015, mradi wa SolarMal, ulioendeshwa na taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, yenye kituo chake Mbita, pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, uliweka katika nyumba za kisiwa kizima mitego ya mbu inayotumia harufu ya kuiga ya binadamu na feni ndogo. Feni inahitaji umeme na kisiwa kilikuwa na umeme kidogo, kwa hiyo kila nyumba ilipewa paneli, na paneli ikaleta vilevile taa mbili na mahali pa kuchaji simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet: maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa asilimia 29.8 katika nyumba zenye mitego kulinganisha na zile zilizokuwa bado hazijapata. Waliobuni mradi walitaka kukamata mbu. Wenye nyumba, nadhani, walitaka taa, na hakuna ubaya wowote hapo. Elektroni zilezile zilizungusha feni na kumwangazia mtoto daftari.

Usiku kisa chote hugeuzwa kinyumenyume, na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Taa ya LED ni ndugu wa paneli. Kwenye paneli fotoni huingia na elektroni hupandishwa. Kwenye LED betri huipandisha elektroni, nayo ikianguka kuvuka pengo la nishati, yaani ile nauli, hutoa fotoni. Ukubwa wa pengo ndio rangi. Taa nyekundu zilipatikana mapema, mwaka 1962, kwa kazi ya Nick Holonyak huko Marekani. Buluu ilikataa kwa miaka thelathini, kwa kuwa inahitaji pengo pana na fuwele ambayo hakuna aliyejua kuikuza vizuri. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wa Japani, ndio waliofanikiwa, wakapewa Nobeli mwaka 2014. Bila buluu hakuna nyeupe. Taa nyeupe ya mvuvi kwa ndani ni taa ya buluu iliyopakwa unga wa manjano. Unga huo humeza sehemu ya buluu na kuirudisha ikiwa manjano, na jicho huona mchanganyiko wake kuwa mweupe. Kinachofanya kazi ndani ya unga huo ni seriamu. Ni ile ile iliyokuwa kwenye mfuko wa karabai, asilimia moja, zaidi ya karne moja nyuma. Teknolojia ilibadilika kutoka mafuta hadi betri, na seriamu haikutoka mtumbwini.

Lakini buluu ina shida yake katika Ghuba ya Winam ya ziwa hili. Maji safi ya bahari kuu humeza nyekundu kwanza na kuiacha buluu izame mbali, ndiyo maana kule chini ni buluu. Winam si bahari kuu. Mto Nyando humwaga udongo, mbolea za mashambani hulisha mwani, na karibu na Kisumu sahani nyeupe ya kupimia ung'avu wa maji mara nyingi hupotea machoni kabla haijazama mita moja. Mwani na udongo humeza buluu haraka, maji yenyewe humeza nyekundu, na zinazobaki kusafiri ni kijani na manjano. Kwa hiyo taa mbili zenye wati sawa hazitoi huduma sawa chini ya maji hayo, na mvuvi anayesema taa yenye weupe wa manjano "inashika" kuliko ile yenye weupe wa buluu hajasema ushirikina. Anayemuuzia taa kwa kuhesabu wati peke yake ndiye anayepaswa kurudi darasani.

Mwisho wa safari ya fotoni ni jicho la samaki, na hapo tena kuna nauli. Ndani ya jicho, la omena na letu, kuna molekuli ya retinali, inayotokana na vitamini A. Fotoni moja yenye nishati ya kutosha ikiigonga, molekuli hiyo iliyojipinda hunyooka, na kunyooka huko ndiko kuona. Fotoni ya joto haiwezi kuinyoosha, ndiyo maana pasi ya moto haionekani gizani hata ikikaribia kukuunguza. Mwaka 1942 watafiti wa New York wakiongozwa na Selig Hecht walikadiria kwamba jicho la mtu lililozoea giza huhitaji kupokea fotoni 5 hadi 14 tu ili mtu aseme ameona kitu. Mtoto aliyekosa vitamini A huanza kwa kutoona usiku: macho ni mazima, fotoni zinafika, hakuna molekuli ya kuzipokea.

Hesabu hii ya nauli haikomei kwenye samaki na taa. Hapa Ikweta jua hubeba urujuanimno mwingi, na fotoni ya urujuanimno ina nishati ya kutosha kuharibu chembe za urithi ndani ya ngozi. Mpishi wa samaki anaweza kukaa mbele ya moto mkali miaka arubaini, uso ukimwungua kwa joto, na moto huo usimfanyie uharibifu wa aina hiyo. Fotoni zake ni nyingi lakini ndogo. Mtu mwenye ualbino, asiye na melanini ya kutosha kuzizuia zile kubwa, huumia kwa kutembea tu sokoni, hata siku ya upepo wa baridi asiposikia joto lolote. Ndiyo maana mafuta ya kukinga jua ambayo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiwagawia wenye ualbino ni dawa, na anayeyaita vipodozi hajui anachosema. Kwa hesabu hiyo hiyo, wanaoogopa minara ya simu kwa sababu ya "mionzi" wajue kwamba fotoni moja nyekundu ya machweo ina nishati zaidi ya mara laki tano ya fotoni ya mnara wa megahezi 900.

Fizikia ya kidato cha nne nchini Kenya ina mada ya utoaji wa elektroni kwa mwanga. Wanafunzi hukariri bamba la zinki, kielektroskopu cha jani la dhahabu na taa ya urujuanimno, ambayo shule nyingi za ufuoni hazina. Hukariri Hertz na Einstein, hujibu swali la mtihani, kisha jioni hupita mbele ya paneli, betri na taa wakienda nyumbani, na hakuna aliyewaambia kwamba mtihani ulikuwa ukizungumza juu ya vitu hivyo.

Basi ombi langu ni kwa walimu wa fizikia wa Kisumu, Siaya na Homa Bay. Tafuteni taa mbili ndogo za LED zenye plastiki angavu, moja nyekundu na moja ya buluu, na multimita. Funikeni kwa kitambaa cheusi. Washeni ya buluu iielekee nyekundu isiyowashwa, ncha kwa ncha, na mpime volti kwenye miguu ya ile nyekundu: zitaonekana, kwa sababu fotoni ya buluu inaimudu nauli ya nyekundu. Kisha geuzeni. Washeni nyekundu iielekee buluu, na multimita haitasoma kitu. Ongezeni nyekundu ya pili, ya tano, ya kumi. Bado haitasoma kitu. Waacheni wanafunzi wabishane kabla hamjasema neno, na baada ya hapo ndipo mtaje mwaka 1905. Taa hizo na multimita zinapatikana kwa fundi yeyote wa redio na simu mjini Kisumu.